Mwanafunzi wa mazingira apewe kisima akipime

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita, na niseme pia na wakurugenzi wa halmashauri zetu. Matokeo yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, na katika nyumba nyingi, yetu ikiwemo, mjadala wa kila jioni ni kozi gani mtoto ajaze. Mdogo wangu wa mwisho amesoma CBG, yaani kemia, biolojia na jiografia, na amefaulu vizuri. Anataka sayansi ya mazingira, shahada niliyosoma mimi. Baba mdogo hataki hata kusikia. Anasema mtoto hawezi kukaa chuo kikuu miaka mitatu, tena na deni la Bodi ya Mikopo juu, ili aje kusimamia watu wanaofagia soko.

Baba mdogo anasema alichokiona. Kwetu afisa mazingira huonekana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ameshika kipaza sauti, akiwahimiza wenye maduka watoke wasafishe mitaro. Ni kazi ya maana, na kipindupindu kikiingia kila mtu anaikumbuka. Lakini kazi hiyo haihitaji shahada ya sayansi, na mzazi akidhani ndiyo yote, ana haki ya kukataa. Ndiyo maana nataka nieleze tulichosoma.

Mimi ni mzaliwa wa Arumeru, chini ya Mlima Meru. Meno yangu ni ya kahawia, ya dada zangu vilevile, na ya marehemu bibi yalikuwa hivyohivyo. Ukifika Dar es Salaam au Morogoro watu huyatazama unapoongea. Wanaoijua Arusha wanajua umetokea wapi, wasioijua wanadhani hukufundishwa kupiga mswaki. Nilipiga mswaki utoto wangu wote. Na mama alikuwa mwangalifu mno: maji ya kunywa aliyachemsha kila siku kama alivyoelekezwa kliniki, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayafunika kwenye ndoo yake ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuchovya kikombe ovyo. Yalikuwa maji maangavu. Ukiyatazama kwenye glasi huoni kitu.

Mwaka wa pili chuoni, kwenye kemia ya mazingira, ndipo nilipojua kilichokuwemo. Miamba ya volkano inayozunguka Meru ina madini ya floridi, na maji yanayopita ndani yake ardhini yanaichukua. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwenye Bonde la Ufa, upande wetu wa kaskazini, visima na chemchemi nyingi zinapita kiwango hicho. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, yatakapoota yataota na madoa. Kiasi kikizidi sana na miaka ikiwa mingi, mifupa nayo inaharibika. Wapo watu kwetu waliopinda miguu tangu utotoni. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi hakuiondoi hata kidogo. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, kwa hiyo yale yaliyobaki sufuriani yamekolea zaidi. Na magadi tunayotia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, nayo mara nyingi yana floridi.

Nilikaa na habari hiyo moyoni muda mrefu. Mama alikuwa ametimiza kila alichoambiwa, na hakuna mtu aliyewahi kufika nyumbani na kifaa akayapima maji yake.

Likizo ilipokwisha nilirudi chuoni na maji ya kwetu kwenye chupa ya plastiki, maana ya kupima floridi hayawekwi kwenye kioo. Mtaalamu wa maabara aliniruhusu niyapime mwenyewe. Unachukua kiasi kidogo cha maji, unatia dawa nyekundu, unachanganya, unasubiri kidogo, kisha unakiweka kichupa kwenye mashine inayosoma rangi. Floridi inavyokuwa nyingi, ndivyo ule wekundu unavyofifia. Nilivisimamisha vichupa viwili pamoja, cha maji yaliyosafishwa na cha maji ya nyumbani, na tofauti niliiona kabla ya mashine. Mashine yenyewe ilishindwa kuyasoma mpaka nilipoyazimua, na hesabu ilipokamilika ilikuwa imepita 1.5 kwa mbali sana. Nilimpigia mama simu usiku uleule. Mdogo wangu wakati huo alikuwa darasa la kwanza.

Hiyo ndiyo shahada ninayoizungumzia. Ndani yake kuna kemia, ikolojia, sayansi ya udongo, mwendo wa maji ardhini na juu ya ardhi, takwimu (ambazo ndizo zilizowapa wenzangu wengi sapu, yaani mitihani ya marudio), kuchora ramani kwa kompyuta, na sheria. Mtoto anayedhani anakwenda kusoma kupanda miti atashtuka wiki ya kwanza.

Zoezi lililonikaa zaidi ni la oksijeni. Tulianzia juu, Mto Morogoro unakoshuka kutoka Uluguru, tukamalizia chini baada ya mto kupita mjini. Chupa ya kioo ya mililita 300 inazamishwa polepole ijae bila kuingia hata kiputo kimoja cha hewa. Palepale ukingoni unaongeza salfeti ya manganizi, kisha alkali yenye iodidi, unaifunga na kuigeuzageuza. Oksijeni ikiwemo, yanajitokeza mashapo ya kahawia. Isipokuwemo, mashapo yanabaki meupe. Chupa za juu ziligeuka kahawia iliyokolea. Za chini zilikuwa zimepauka, na moja, tuliyoichota karibu na mfereji unaotoka mitaani, ilikuwa karibu nyeupe kabisa. Chupa nyingine tulizirudisha maabara zikae gizani siku 5, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, tujue vijidudu vilivyomo vitatumia oksijeni kiasi gani kuvunja ule uchafu. Ukiwa na hesabu hiyo unaweza kwenda kwenye kiwanda ukamwonyesha mwenyewe maji yake machafu yanadai oksijeni kiasi gani wakati viwango vya nchi vinaruhusu yadai miligramu 30 tu kwa lita, naye hana pa kukubishia. Bila hesabu hiyo unabaki kusema mto unanuka, naye atakujibu kwamba yeye hausikii.

Tulisoma pia habari ya Kihansi, na natamani ifundishwe hata sekondari. Mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza, watafiti walimkuta kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, chura mdogo wa manjano anayezaa badala ya kutaga mayai. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko yale, na hajawahi kuonekana akiishi porini mahali pengine popote duniani. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia maji korongoni. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakasafirishwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, wakazaliane huko. Korongoni wakaisha, ugonjwa wa kuvu nao ukihusishwa, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Walirudishwa Kihansi mwaka 2012, baada ya gharama na kazi ya miaka mingi. Umeme tuliuhitaji na bado tunauhitaji. Lakini waliojua kumhesabu chura yule na kupima unyevu wake walifika kazi ikiwa imeshaanza. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaidai kabla ya miradi ya namna hiyo, inafanywa na watu waliotoka kwenye madarasa haya, na ubora wake hauwezi kupita ubora wa mafunzo yao.

Sasa nije kwenye fildi, ambako ndiko kwenye uchungu wangu.

Kila likizo ndefu wanafunzi wa mazingira wanatawanywa kwenye halmashauri kujifunza kwa vitendo. Mimi nilipangiwa halmashauri ambayo sitaitaja. Nilifika na barua yangu na koti jeupe kwenye begi. Nikapewa meza ya masjala, kupokea barua na kuandika namba za majalada, na Jumamosi ya usafi nikapewa daftari la mahudhurio. Mtaa wa pili kutoka ofisini kulikuwa na kisima cha pampu ya mkono, hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo vya nyumba za kupanga, na kina mama walianza kujaza ndoo pale tangu alfajiri. Niliuliza kama kimewahi kupimwa. Nikaambiwa maji yake ni safi, hayana rangi wala harufu. Nikaomba niyachote niyapeleke maabara. Nikajibiwa kwamba kifungu hicho hakina fedha.

Kipimo chenyewe nilikuwa nakijua. Mililita 100 za maji zinapitishwa kwenye chujio laini, chujio linalazwa juu ya chakula cha bakteria, linawekwa kwenye joto la nyuzi 44 hadi kesho yake, kisha unahesabu vidoa. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na kidoa hata kimoja cha E. koli, bakteria wanaotoka kwenye kinyesi. Kina mama wale hawakupata kujua kisima chao kina vingapi. Walikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu umbali wa mtaa mmoja, anapiga mihuri.

Afisa mazingira wa pale simlaumu. Alikuwa peke yake, hana gari, hana kifaa, na kila asubuhi anasubiriwa na malalamiko ya kelele za baa na takataka zisizozolewa. Sheria ile ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa wa mazingira, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mtu mmoja atazipima vipi kingo za mito ya wilaya nzima? Wanafunzi ndio mikono aliyoikosa, na anapelekewa kila mwaka bila kuwalipa mshahara.

Wazazi watauliza habari za ajira, na sitawadanganya. Wapo wenzangu ambao mpaka leo wanatuma maombi serikalini na hawajaitwa. Waliopata wako kwenye mamlaka za maji, migodini, viwandani, na kwenye kampuni zinazofanya tathmini. Mimi niko kwenye maabara ya kupima maji hapa Arusha, na nimeshakaa upande wa pili wa meza ya usaili. Kijana aliyechota sampuli kwa mikono yake, akakosea, akarudia, akaandika ripoti yenye namba, unamtambua dakika ya kwanza. Aliyemaliza wiki zote za fildi masjala anajitahidi kukumbuka daftari la darasani, na inauma kumtazama, maana si kosa lake. Mdogo wangu nimemwambia ajaze kozi anayoipenda, ila kabla ya kuchagua chuo aulize maabara ina vifaa gani na wanafunzi wanakwenda fildi wapi. Kila mzazi anaweza kuuliza hivyo kwa simu.

Waheshimiwa wakurugenzi, wanafunzi wanafika ofisini kwenu mwezi huu. Mtendaji wa kata anavijua visima na chemchemi zake zote. Wapeni wanafunzi orodha hiyo, pikipiki kwa siku chache, chupa safi na boksi la barafu, kwa sababu sampuli ya bakteria isipofika maabara mapema, tena ikiwa ya baridi, haina maana. Wizara ya Maji ina maabara mikoani, na vyuo vina za kwao. Kukubaliana nani anunue dawa ni barua moja tu. Matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, kisima kwa kisima, kwa Kiswahili ambacho kila mama atakielewa.

Huku kwetu naomba waanze na floridi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanyia kazi kwa miaka mingi namna ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini si kila nyumba ina chujio hilo. Mama akiambiwa tu kwamba chemchemi ile ina nyingi na kisima kile kina kidogo, atamchotea mtoto maji ya kunywa na ya uji kwenye kile kisima, mengine afulie. Sisi wa maabara tuko tayari kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kuchota na kuhifadhi sampuli, hata Jumamosi. Tunachowaomba ninyi ni kuwaruhusu watoke masjala.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Arumeru,
Arusha