Nakudai maandazi manne

Tanga, 9 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila umeme umekatika tangu magharibi, nakuandikia kwa kandili. Sina habari ya harusi wala ya msiba. Nina habari ya namba.

Unakumbuka bwenini ulivyonionyesha 3, 5, 17, 257 na 65537? Unachukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, kila jibu unajumlisha 1, na zote ni namba tasa. Ukaapa kwamba inayofuata, 4294967297, nayo ni tasa. Nikabisha, tukawekeana dau la maandazi manne, halafu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigawa.

Leo nimeigawa. Si tasa! Lakini usione haya: Pierre de Fermat, Mfaransa yule, aliamini kama wewe mwaka 1640, na ikapita miaka 92 kabla ya Leonhard Euler kumuumbua mwaka 1732.

Wala Euler hakubahatisha. Alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, ukikitoa 1, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 64. Basi huna haja ya kuhangaika na maelfu ya namba tasa. Unaanza na 193, unakwenda 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, na mchezo umekwisha. Fermat alikosa jioni moja ya subira, miye naona hivyo.

Nilimwita Salma anishikie kandili. 4294 kwa 641: mara 6, inabaki 448. Shusha 9 upate 4489: mara 7, zinabaki 2. Hapo zinakuja sifuri mbili mfululizo, nikaandika moja. "Mama, umeruka," akasema. Nikafuta. Ikaja 4, ikaja 1, na masalio yakawa 448 yaleyale ya mwanzo. Imebaki 7 moja ya kushusha: 4487. Na 641 mara 7 ni 4487 kamili! Salma alipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Jibu ni 6700417, nayo yenyewe ni tasa.

Hiyo 641 ina siri yake. Ni 625 na 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Tena ni 5 mara 128, jumlisha 1. Ukizifuma hizo mbili unathibitisha kila kitu bila kugawa hata mara moja. Sikuandikii vipi, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinitambia kwa aljebra.

Na mpaka leo, baada ya 65537, katika mfuatano wako haijapatikana nyingine iliyo tasa.

Salma anataka inayofuata. Ina tarakimu 20, na kigawo chake kidogo ni 274177. Nimemwambia akalale, mafuta yanakwisha.

Wako,
Zuhura