Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Tuko 68 kwenye daftari, humu ukumbini nawahesabu 35, na akidi hiyo imepatikana kwa kubembelezana kwenye simu mpaka usiku wa manane.

Kazi za mwaka za chama chetu cha wapanda miti mnazijua. Masika tulipanda, vuli tukaziba mapengo, viriba na samadi viligawiwa, misibani tulifika. Mapato 6,840,000, matumizi 6,515,000, salio 325,000. Mweka hazina ana risiti.

Sasa kompyuta. Nimeyasikia maneno, mengine nimetumiwa wasapu kwa bahati mbaya, eti mwenyekiti kanunua kompyuta ya kuchezea na kitalu hakina tangi la maji. Ni 3,200,000 pamoja na mafunzo ya kuingiza miti kwenye modeli za majengo. Kamati ilipitisha, na mpingaji mkuu siku hiyo alikuwepo, akala na pilau.

Mnaukumbuka ule mwembe wa Mikocheni? Mkandarasi alipitisha mtaro wa majitaka mita 2 kutoka shinani, mizizi ikakatwa upande mzima. Majani yalipoanza kupukutika ndipo tukaitwa sisi. Kwenye modeli ya jengo, yaani mchoro wake wa kwenye kompyuta, ile wahandisi wanayoiita BIM, mwembe ulichorwa kama mpira wa kijani juu ya kijiti. Mizizi hakuna. Bomba lingekosaje kupita hapo?

Kipimo si uganga. Mwongozo wa Waingereza, BS 5837 wa 2012, unasema pima kipenyo cha shina kwenye kimo cha mita 1.5, zidisha mara 12, na duara la upana huo kila upande lisichimbwe. Shina lile nililipima mwenyewe kwa kamba: kipenyo sentimita 60, mara 12 ni mita 7.2. Duara likiingizwa kwenye modeli, bomba linaonekana limegongana na mizizi kabla sururu haijashikwa. Hata mti wa mkungu, ukiwekwa kwa ukubwa wake wa miaka 20 ijayo na si wa kwenye kiriba, mwenye nyumba ataona pevingi zake zitakapoinuliwa.

Mmoja wenu kaniambia modeli haimwagilii miche. Kweli. Ila imetuletea kazi mbili za wasanifu, na nilizifuatilia mimi, kwa nauli yangu.

Ada: 41 hawajalipa 50,000 zao. Wanaolalamikia kompyuta wengi wamo humo, majina nayahifadhi.

Mwakani, Mungu akipenda, mafunzo yataendelea, na tangi tutaliangalia hali ikiruhusu. Kompyuta iko nyumbani kwangu kwa usalama. Anayetaka kujifunza aje Jumamosi, ila apige simu kwanza.