Kabla ya Mbamba Bay: habari ya zile taa

Mbeya, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Furaha,

Kamwene! Habari za Iringa, habari za Mama Furaha na watoto? Huku wote wazima, ila baridi imewahi mwaka huu, na asubuhi ya leo mlima Loleza haukuonekana kabisa kwa ukungu. Mama Neema anawasalimu sana, anauliza pia kama ile mbegu ya viazi ilifika salama au dereva aliishusha Makambako kama safari ile.

Najua nimekaa kimya. Mzee alilazwa, akatoka, sasa anajikongoja hadi shambani na kurudi, tunamshukuru Mungu. Ningeweza kupiga simu, lakini mimi na wewe tukishika simu tunaishia kwenye mpira. Jambo hili nataka ulisome taratibu, ulale nalo, ndipo unijibu. Ni zile taa za kuongeza kwenye pikipiki yangu kabla ya safari yetu ya Mbamba Bay.

Ujumbe wako wa kwamba nifunge spotilaiti nne, zile taa za mwanga wa kufika mbali, usiku ugeuke mchana nimeuonyesha mpaka kwa fundi wa Soweto. Nimezunguka maduka ya Mwanjelwa, nimeshika taa mkononi, nimeuliza, nimerudi nyumbani mikono mitupu. Hela ipo. Kinachonizuia ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia taa ipi ina mwanga mkali, hakuna anayeniuliza mimi nashindwa kuona nini, wapi, na saa ngapi. Nikijiuliza mwenyewe, jibu linanipeleka kwingine kabisa.

Chukua ule usiku wa Chimala. Nilikuambia juu juu tu, sasa nikueleze vizuri. Natoka Makambako, giza limeshaingia, mbele linakuja basi limewasha fulu, yaani taa za juu, nyuma yake malori ya Tunduma yamepangana. Mimi nimeshusha taa kama inavyotakiwa. Tela limeharibika upande wangu, halina taa, halina pembetatu, stika za kuakisi zimeliwa na vumbi. Dereva kakata matawi akayalaza barabarani, basi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni majani, mabichi kabisa, yamelala upande wa juu chini, ule upande mweupe ukirudisha mwanga wa taa yangu. Halafu tairi. Halafu ndipo tela zima likatokea. Nilipita kwa kushuka pembeni kwenye changarawe.

Sasa fikiria. Kwa mwendo wa 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Basi likikupiga fulu machoni sekunde mbili, umetembea mita zaidi ya 40 huoni kitu. Je, spotilaiti zako zingenisaidia pale? Zikifungwa inavyopaswa zinafuata fulu: ukishusha taa, nazo zinazima. Kwa hiyo dakika ile ile niliyozihitaji zingekuwa zimezimika. Na kama ningezifunga ziwake muda wote, ningempofusha dereva wa basi lenye watu kibao, naye anakuja upande wangu. Hilo siwezi kulikubali, Baba Furaha. Tunawalaumu bodaboda wanaofunga zile taa nyeupe zinazochoma macho, halafu sisi wenye pikipiki kubwa tufanye vilevile? Na tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, hii barabara haina tena saa ya kupumua. Usiku ninaoujua mimi kati ya Igawa na Uyole hauna giza tupu, una taa za wenzako usoni mfululizo.

Kilichokosekana Chimala ni mwanga wa karibu, wa chini, mpana, unaofika ukingo wa kushoto. Ukipigwa fulu unahamisha macho kwenye ule mstari mweupe wa pembeni, ndio unaokuongoza. Nikiuona mstari, bega la barabara na mita chache za changarawe, ninayo njia ya kukimbilia. Kazi hiyo ni ya taa za ukungu, zile ambazo mwanga wake umekatwa juu kama kwa rula na kutandazwa kulia na kushoto. Na ukungu wenyewe tunao wa kutosha. Unakumbuka Isyonje tulivyopanda kwenda Kitulo? Ukiwasha fulu, ukuta mweupe unakurudia machoni. Hata Mafinga, ukipita kwenye misitu ya Sao Hill alfajiri ya Juni, ni hivyohivyo. Taa ikikaa chini karibu na usawa wa injini, mwanga unapita chini ya macho yako, na ule weupe unapungua.

Umesema ninunue za njano kwa sababu njano inapenya ukungu. Hapo tutabishana kidogo. Matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganisha na mawimbi ya mwanga, kwa hiyo yanatawanya rangi zote karibu sawa. Njano haipenyi zaidi. Wafaransa walilazimisha taa za mbele za njano miaka mingi mpaka 1993 wakaachana nazo. Ila nakubaliana na wewe kwa sababu nyingine: macho yangu yanatulia zaidi na njano, na mtu akiona taa mbili za njano chini na nyeupe juu, anajua hiyo ni pikipiki na siyo gari lililokufa taa moja.

Hili la kuonekana ndilo naliwazia kuliko yote. Mchana kweupe, pale Uyole, dereva wa noah anakuangalia usoni na bado anaingia barabarani. Hakuoni, au anakuona lakini hajui uko mbali kiasi gani, kwa sababu taa moja ndogo inayokuja haimwambii chochote kuhusu mwendo wako. Taa tatu zilizokaa pembetatu, moja juu na mbili chini zilizoachana, zinatanuka machoni mwake kadiri unavyokaribia, anapata kipimo. Watu wamelipima hili kwa majaribio na limeonekana kusaidia. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kunitoa fedha mfukoni, hata nisitembee usiku tena maisha yangu yote.

Sasa umeme. Pikipiki yangu, V-Strom, ina balbu mbili za mbele aina ya H4, ni wati 110 tayari nikiwa nimeshusha taa. Nikiongeza jozi ya taa za balbu za kawaida, 55 kila moja, ni wati 110 nyingine, ampea tisa hivi. Ongeza vishikio vya joto, ambavyo kwa Njombe ya Juni sitaki kuvikosa, ongeza simu inayochajiwa. Injini ikinguruma taratibu bila mwendo, tuseme nimekwama foleni ya Mafiati, jenereta haizalishi kiasi hicho, betri ndiyo itakayolipa. Jozi ya LED za wati 20 kila moja inakula ampea tatu na kidogo, hiyo naimudu.

Lakini maandishi ya kwenye boksi usiyaamini. Fundi alichukua jozi moja iliyoandikwa 120W, akaiunga kwenye betri mbele yangu, akapitisha waya kwenye mita. Ampea 1.6. Betri inasoma volti 12.6. Piga hesabu mwenyewe, ni wati 20, zote mbili kwa pamoja! Mwenye duka akasema mita ya fundi ni mbovu. Fundi akamwomba alete ya kwake. Hakuleta. Na tatizo kubwa zaidi halikuwa hata huo udogo, ni kwamba tulipoielekeza ukutani mwanga ulikuwa duara moja la hovyo, juu kama chini, hauna mkato wowote. Taa ya hivyo kwenye ukungu ni adui.

Kufunga nimeshaamua jinsi: waya mnene kutoka betri kupitia fyuzi, mguu wa 30 wa rilei (ile swichi inayowashwa kwa umeme), mguu wa 87 kwenda kwenye taa, 85 kwenye bodi ya chuma, 86 ichukue umeme wa swichi ya ufunguo ili nisije nikaziacha zinawaka nikalala Njombe na betri imekufa. Swichi yake peke yake hapo kwenye usukani, niizime bila kuachia klachi. Baadaye injini ikiwaka na kila kitu kimewashwa, mita isome volti 13.5 kwenda juu. Ikishuka chini ya 13, natoa kitu kimoja.

Na kabla ya hayo yote kuna jambo la bure, ambalo naomba ulifanye wiki hii hii kwa pikipiki yako, ile Ténéré. Pakia boksi zote kama za safari, mpandishe Mama Furaha nyuma, simama mita kumi kutoka ukutani mahali pa tambarare, shusha taa. Mimi na Mama Neema tulifanya kwenye ukuta wa ghala jioni, Neema akishika kipande cha gundi ya plasta. Alibandika palipoishia mwanga nikiwa peke yangu, akabandika tena tulipopakia. Cha pili kilikuwa juu ya urefu wake, mtoto wa darasa la tano! Pikipiki inakaa chini nyuma, pua inainuka, taa yako ya kawaida inawapiga watu machoni huku barabara yako inabaki giza. Nilikaza springi ya nyuma, nikaishusha taa kwa skrubu zake mpaka mkato wa mwanga ukawa sentimita kama kumi chini ya usawa wa taa yenyewe. Usiku uliofuata nilipanda Mlima Nyoka na kurudi, hakuna aliyenipigia fulu hata mmoja. Nikawa najiuliza, hivi nusu ya giza nililokuwa nalalamikia si ndiyo hiyo?

Ndiyo maana bado sijanunua. Kuna upande wangu unasema rekebisha ulichonacho, toka alfajiri, fika kabla ya saa kumi na mbili, yamekwisha. Halafu nakumbuka barabara ya Chunya kwenda Makongolosi, ng'ombe wamelala kwenye lami kwa sababu ina joto, hakuna gari linalokuja, na pale hata mimi nazitaka spotilaiti zako. Nakumbuka pia yule kijana wetu wa Ilula. Hakuwa mzembe yule. Lakini barabara kama ile ya Makongolosi naipita mara chache, na hapo nikipunguza mwendo hadi 50 inatosha. Noah za Uyole nazipita kila siku.

Kwa hiyo nilipofikia ni hapa: jozi moja ya taa za ukungu, za chini, zenye mkato, nifunge kwenye vyuma vya kukinga injini. Spotilaiti, hapana. Na kuwepo kwa taa kusitubadilishie ratiba. Tusije tukasema "tuna taa" tukaingia Lukumburu usiku na malori ya makaa ya mawe yanashuka kwa gia.

Sasa nijibu haya yote, usichague. Yule fundi wako wa kuchomelea pale Ipogolo bado yupo, anaweza kunitengenezea mabano mawili nikikutumia vipimo? Viunganishi vya waya visivyoingiza maji vinapatikana Iringa au niagize Dar? Wewe zile taa zako za mwaka juzi ulizitoa kwa nini hasa, zilikatika kwa mtikisiko au uliuza? Utakubali tulale Njombe siku ya kwanza na siku ya pili tuishie Songea, badala ya kulazimisha Mbinga? Mama Furaha anakuja au amekataa tena? Na ulishapima taa na mzigo, au unasubiri mpaka nije nikusimamie?

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu fundi wa Soweto ameniwekea nafasi na anataka kujua kama anatoboa au hatoboi.

Ndaga, ndugu yangu. Msalimie Furaha, mwambie ile jezi ipo.

Wako,
Baba Neema