Tusigeuze simu kuwa Exetat nyingine

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu shule za hapa Lubumbashi zinazofundisha Kiingereza kwa simu, na nakubaliana nayo nusu. Kwamba Kiingereza tunakihitaji, hakuna wa kubisha. Ukivuka Kasumbalesa tu uko Zambia, na tangu 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako mikutano na karatasi nyingi ni za Kiingereza. Kinachonikera ni jinsi tunavyoitumia hiyo simu.

Tazameni mazoezi yanayozunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi. Sentensi yenye pengo, majibu manne, chagua moja. Mtoto anabonyeza, rangi ya kijani inawaka, alama zinapanda, basi. Hilo si geni kwetu. Ndivyo Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inavyouliza Kiingereza: maswali ya kuchagua. Insha inaandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza ni kutia alama. Matokeo yake walimu tunayajua. Kijana anamaliza humanite, yaani sekondari ya juu, na alama nzuri ya Kiingereza, lakini ukimpa karatasi nyeupe aandike mistari mitano kuhusu mtaa wake, anabaki kuitazama. Ugonjwa uleule sasa tumeuhamishia kwenye simu, na wazazi ndio wanaoununulia mega, yaani data ya intaneti.

Na intaneti ina mambo mazuri kuliko hayo, tena ya bure. Mimi naanza na African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Ni hadithi fupi za picha, na nyingi zipo kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Unapakua, unachapa, unaruhusiwa hata kuibadilisha. Watoto wetu wanasoma kwa Kifaransa na kugombana kwa Kiswahili, kwa hiyo nawapa toleo la Kiswahili kwanza. (Kiswahili cha vitabuni na cha hapa mtaani kwetu Katuba havifanani sana, wanacheka kidogo, kisha wanaendelea.) Wakishaijua hadithi, wanapata ya Kiingereza, na kamusi zinabaki zimefungwa. Neno lisilojulikana wanalifuata kwa kisa wanachokijua tayari na kwa picha. Kisha inakuja kazi yenyewe: nawapa picha peke yake, maneno nimeyafuta, waandike hadithi upya kwa Kiingereza chao. Hapo hakuna majibu manne ya kujificha nyuma yake. Anayejua wakati uliopita anaonekana, na aliyekuwa akibahatisha anaonekana pia.

Mtasema hizo ni hadithi za vitoto, na darasa la nne la humanite lina vijana wenye ndevu. Ni kweli, wiki ya kwanza wananuna. Lakini kijana asiyeweza kuandika kisa cha kuku na mwewe hawezi kuandika barua ya kuomba kazi kwenye kampuni ya madini, na hilo wanalielewa haraka.

Wakishakomaa kuna Project Gutenberg, iliyoanza 1971, yenye makumi ya maelfu ya vitabu ambavyo haki zake za uandishi zimekwisha muda nchini Marekani. Kiingereza chake kingi ni cha zamani na kizito, kwa hiyo msiwape kitabu kizima. Chagueni ukurasa mmoja, kaeni nao wiki nzima. Vingi kati ya vitabu hivyo vimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea kupitia LibriVox, tangu 2005, na hapo ndipo mimi nimepata faida kubwa kuliko popote. Mwanafunzi aliyelelewa na Kifaransa humeza herufi za mwisho. Kwa hiyo alama ya wingi inapotea mdomoni mwake, na punde inapotea hata kwenye daftari. Ukimwekea sauti huku macho yake yako kwenye maandishi, anaisikia ile herufi aliyokuwa akiiruka. Halafu ajirekodi akisoma aya hiyohiyo, ajisikilize mwenyewe kabla hajanitumia. Sina haja ya kumsahihisha sana. Anarudia bila kuambiwa, kwa aibu au kwa kiburi, sijui.

Kuhusu gharama, hapa tunawaonea wazazi bure. Hakuna sababu ya darasa zima kununua mega ili lisome ukurasa mmoja. Ipo programu inaitwa Kiwix: mwalimu mmoja anapakua mara moja vitabu vya Gutenberg anavyovitaka, au Wikipedia ya Kiingereza chepesi, ambayo ni ndogo sana kuliko ile kubwa, na vyote vinafunguka bila mtandao. Kompyuta moja inaweza kuwagawia wanafunzi wenye simu kwa Wi-Fi ya palepale darasani, bila mega hata moja. Umeme ukiwapo usiku, inachajiwa usiku. Shule nyingi zina kompyuta moja tayari, iko ofisini kwa prefe, mkuu wa shule, chini ya kitambaa, inangoja wageni.

Na mashine za kutafsiri? Wanafunzi wanazitumia, tusijidanganye. Kazi ya nyumbani ikija na Kiingereza kilichonyooka mno, sipigi kelele. Namwomba mwenyewe asimame, asome kwa sauti, atueleze aya ya pili ina maana gani. Darasa linajua jibu kabla yake.

Ombi langu kwenu, Bwana Mhariri, ni dogo. Wengi wa wanafunzi wangu hawana simu, lakini gazeti linafika nyumbani, japo la jana, japo limefunga samaki. Toeni hadithi moja fupi kila Jumamosi, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Chagueni zile zenye leseni ya CC BY, yaani ruhusa ya wazi ya kuzitumia: hamtalipa kitu, mradi mumtaje mwandishi, mchoraji na mfasiri. Kazi ya kuchagua nitaifanya mimi, na nusu nafasi ya tangazo la simu inatosha.

Mwalimu wa Kiingereza,
Komini ya Katuba, Lubumbashi