Mashabiki wakihama mtandao, kumbukumbu za Coastal zisipotee

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ujumbe wasimamizi wa makundi ya mtandaoni ya mashabiki wa Coastal Union, klabu yetu ya soka ya hapa Tanga iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. Kila mara tunatangaziwa kwamba kundi limehama, leo kwa sababu ya bei ya bando, kesho kwa ugomvi wa wasimamizi wenyewe, na wanachama hutumiwa kiungo kipya bila kuulizwa. Vijana huhama siku hiyo hiyo; wazee wanaoujua uwanja wetu wa Mkwakwani wa zamani, ambao simu zao zimejaa na hazipokei programu nyingine, hubaki wakisalimiana peke yao.

Sipingi kuhama, kwani mitandao nayo hufa: Google+ ilifungwa Aprili 2019, na Yahoo Groups, iliyotegemewa na mashabiki wa kila aina duniani, ikafuata Desemba 2020. Linalonisikitisha ni picha zinazoachwa, kama ile ya kikosi kilichochuchumaa mbele ya jukwaa, ambayo wanachama waliijadili hadi jina la kila mchezaji likapatikana, pamoja na la mbeba maji.

Napendekeza msimamizi ahifadhi kwanza picha pamoja na maelezo yake, kisha aliache kundi la zamani wazi kwa msimu mzima, na nakala moja akabidhiwe katibu wa tawi.

Shabiki wa Coastal,
Chumbageni, Tanga.