Barua kwa mwanangu: yule mtu wa minyororo iliyokatika

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi sote wazima, ila vuli imechelewa na kisima cha uani kimepungua maji. Sauti uliyonirekodia niliisikiliza mara tatu. Unasema meli yenu ilitia nanga Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa cha Barbados huko Karibi, ukapata saa chache za kutoka jikoni, ukapanda daladala lao, na kwenye kipilefti ukaona sanamu ya mwanamume mweusi, kifua wazi, mikono ameiinua, minyororo iliyokatika inaning'inia. Ukamuuliza dereva ni nani huyo, akakujibu neno moja: "Bussa." Nawe ukaniuliza mimi Bussa ni nani.

Jibu lake halienei kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nilifundisha historia miaka mingi, na katika muhtasari wetu Barbados ilikuwa kijimstari tu ndani ya mada ya biashara ya utumwa. Iliniuma wakati ule na inaniuma bado.

Kisiwa ulichokanyaga hakifiki nusu ya Pemba. Waingereza walipofika walikikuta hakina watu, wenyeji wa zamani walikuwa wameshatoweka. Tarehe 17 Februari 1627 meli iitwayo William and John ilishusha wahamiaji 80 hivi mahali panapoitwa leo Holetown, na pamoja nao Waafrika 10. Ndivyo inavyoandikwa siku zote, mwanangu: wahamiaji 80, na Waafrika 10. Wale 10 walikanyaga mchanga uleule siku ileile, lakini hawamo katika hesabu ya wahamiaji. Basi shika hesabu hiyo, maana historia yote ya siasa za kisiwa kile, kwa ninavyoiona mimi, ni habari ya nani anahesabiwa. (Ukifika Holetown utaona mnara umeandikwa mwaka 1605. Umekosea. Meli ya kwanza ya Waingereza kukitwaa kisiwa ilifika 1625. Hata jiwe husomwa kwa uangalifu.)

Miaka 12 baada ya kufika, 1639, tayari walikuwa na bunge. Ni miongoni mwa mabunge makongwe kabisa katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, na watu wa Barbados hulitaja kwa fahari. Lakini mpiga kura alitakiwa awe mwanamume mweupe, Mkristo, mwenye shamba lake la ekari kumi au zaidi. Wakati huohuo likaja zao la miwa kutoka Brazil, kwa msaada wa Waholanzi. Kabla ya hapo walihangaika na tumbaku na pamba, na kazi kubwa ilifanywa na maskini wa Kiingereza, Kiskoti na Kiirish waliofungwa kwa mikataba. Miwa ilibadili kila kitu ndani ya miaka 20. Mwenye shamba dogo aliuza akaondoka, mwenye shamba kubwa akanunua watu kutoka Afrika, na kabla karne haijaisha weusi walikuwa wengi kuliko weupe kwa mbali.

Unakumbuka ulinitumia picha ya samaki wa kuchoma uliyokula Oistins? Mahali palepale, Januari 1652, wenye mashamba walitia saini mkataba na jeshi la Cromwell, yule aliyempindua mfalme wa Uingereza, lililokuja kuwatiisha. Walisalimu amri, lakini walipata walichokitaka: hawatatozwa kodi bila ridhaa ya bunge lao wenyewe. Ni maneno mazuri ya uhuru, yaliyoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla Wamarekani hawajaasi kwa hoja hiyohiyo. Miaka tisa tu baadaye, 1661, bunge lilelile likapitisha sheria ya kuwatawala watumwa, iliyomfanya mtu kuwa mali na kumlinda bwana aliyemwua mtumwa wake akidai alikuwa anamwadhibu. Jamaica waliichukua wakaifanya yao, na Carolina ya Kusini vilevile. Darasani nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: watu walewale wanajuaje thamani ya uhuru wao kwa ufasaha namna ile, kisha wakashika kalamu ileile kuandika hiki?

Sasa Bussa. Alizaliwa Afrika, akafikishwa Barbados akiwa mtumwa, na mwaka 1816 alikuwa mtu wa kuzungukia mipaka ya shamba la Bayley, upande wa St. Philip. Kazi hiyo ilimpa nafasi ya kutembea na kusema na watu wa mashamba mengine. Lakini nataka umjue na mwanamke mmoja ambaye hana sanamu kwenye kipilefti. Nanny Grigg, mtumwa wa ndani katika shamba la Simmons, alijua kusoma. Alisoma magazeti kutoka Uingereza, akaona bunge la London linajadili muswada wa kuandikisha watumwa wote, akawaeleza wenzake kwamba uhuru unakuja nao wananyimwa. Mwaka mpya ulipopita bila kitu, aliwaambia lazima wapiganie, kama walivyofanya watu wa Haiti. Namwona kabisa, mwanangu: mama na gazeti la bwana wake, anasoma upesi kabla mtu hajaingia.

Usiku wa Jumapili ya Pasaka, 14 Aprili 1816, mashamba ya miwa yakawashwa moto. Sehemu kubwa ya mavuno ya mwaka iliteketea. Uasi ulizimwa ndani ya siku chache, Bussa aliuawa vitani, na mamia waliuawa vitani au kunyongwa, wengine wakasafirishwa mbali na kisiwa. Hakuna picha yake iliyobaki. Ile sanamu, kazi ya Karl Broodhagen, ilisimamishwa mwaka 1985 kuwa sanamu ya kukombolewa kwa watumwa wote. Wananchi ndio walioipa jina la Bussa.

Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Agosti 1834, lakini watu wakabakizwa katika kile kilichoitwa uanagenzi, yaani kazi ileile kwa bwana yuleyule, mpaka 1838. Serikali ya Uingereza ilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa makoloni yake. Walipewa wenye watumwa. Waliofanyishwa kazi hawakupewa kitu. Usidhani ni mambo ya mbali: Pangani hapa jirani, karne ya 19, miwa ililimwa na watumwa kando ya mto, na Zanzibar ilipofuta utumwa mwaka 1897, waliolipwa fidia ni mabwana.

Zile nyumba ndogo za mbao ulizozisifia, za rangi za kupendeza, zina habari yake. Aliyekombolewa hakuwa na ardhi, maana kisiwa chote kilikuwa kimeshagawanywa. Alipewa kiwanja ndani ya shamba kwa sharti afanye kazi shambani humo, na akigombana na bwana anafukuzwa. Kwa hiyo alijenga nyumba isiyo na msingi, imekalishwa juu ya mawe, mbao zake zinabomoleka na kupakiwa kwenye mkokoteni. Ukipita tena, inama uangalie chini ya nyumba ya zamani. Utaona mawe.

Samuel Jackman Prescod, mhariri wa gazeti, akawa mtu wa kwanza asiye mweupe kuingia bungeni, mwaka 1843. Mmoja, katika kisiwa ambacho wengi ni weusi. Karne nzima ikaenda hivyo, na vijana kwa maelfu wakakimbilia Panama kuchimba mfereji, kwa sababu nyumbani hapakuwa na njia.

Halafu, mwaka 1937, akaja Clement Payne. Wazazi wake walikuwa wa Barbados na yeye alikulia huko, ila alizaliwa Trinidad. Alihutubia makuli na wakata miwa pale Golden Square, Bridgetown, akiwaambia waunde chama cha wafanyakazi, wajielimishe, wasifanye vurugu. Wakubwa wakamtafutia kosa wakalipata kwenye fomu: alipoingia nchini aliandika kuwa amezaliwa Barbados. Alishtakiwa, akakata rufaa, akashinda, na bado tarehe 26 Julai wakamtia melini wakamfukuza. Usiku huo Bridgetown ikalipuka. Watu 14 waliuawa, 47 wakajeruhiwa.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilimkumbuka babu yako. Alitoka Kigoma kuja Tanga kukata mkonge, akawa manamba, jina wanaloitwa kwa sababu walijulikana kwa namba. Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, ninacho. Vyumba 30 vya siku 30, na kila siku aliyomaliza kazi mnyapara alitia alama. Jina lake limekosewa, herufi mbili zimerukwa. Namba imeandikwa sawasawa.

Baada ya damu ya 1937 mambo yalikwenda haraka. Wakili aliyemtetea Payne kwenye rufaa, Grantley Adams, akaongoza chama kilichozaliwa mwaka uliofuata, na mwaka 1951 kwa mara ya kwanza kila mtu mzima akapiga kura, mwenye ekari na asiye nayo. Mwanamke wa kwanza, Ermie Bourne, akachaguliwa mwaka huohuo. Toka 1639 mpaka 1951 ni miaka 312. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga hesabu ile ubaoni, darasa zima likanyamaza.

Adams aliamini visiwa viungane, akawa Waziri Mkuu wa Shirikisho la West Indies lililoanza 1958. Jamaica ilijitoa kwa kura ya maoni, na 1962 likafa. Huku kwetu Mwalimu naye alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tutoke pamoja na Kenya na Uganda, kwa hiyo naielewa huzuni ya Adams. Nyumbani Barbados aliyebeba mzigo ni Errol Barrow, kiongozi wa serikali, aliyefuta ada katika sekondari za serikali kabla hata ya uhuru. Kwangu mimi, hilo peke yake linamtosha kuheshimiwa.

Usiku wa kuamkia 30 Novemba 1966, katika uwanja wa Garrison ambako askari wa Kiingereza walikuwa wakifanya gwaride, bendera ya Uingereza ilishushwa. Angalia bendera iliyopanda: katikati kuna mkuki wa meno matatu, lakini ni kichwa tu. Mkuki mzima ulikuwa kwenye nembo ya koloni. Waliukata mpini.

Meli ikirudi Bridgetown, omba ruhusa uende Golden Square. Mwaka 2021 wamejenga hapo ukuta ulioandikwa majina ya koo za watu wa kisiwa. Simama uyasome machache kwa sauti, hata kama wapita njia watakushangaa. Kipande cha babu yako nimekifunga kwenye kitambaa, kipo sandukuni. Ukija likizo nitakupa, kiwe chako.

Ule vizuri, na usivae viatu vya kuteleza jikoni.

Mama yako