Wanaokwenda Mumbai kutibiwa waelezwe pia habari za mji wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa niaba ya sisi tunaowapeleka jamaa zetu India kutibiwa. Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu Mumbai kwa upasuaji wa goti, na kwa majuma matatu nilichokijua cha mji ule kilikuwa kitanda cha mgonjwa, duka la dawa na chumba cha kupanga nilimokuwa nikimpikia uji. Alipoanza kutembea kwa mkongojo, mwenyewe alinihimiza nitoke siku moja, akabaki na dada yangu.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo mapango ya Elephanta, yaliyo kisiwani, hufungwa, jambo nililolijua nilipokwisha kufika gatini kutafuta boti. Nilibaki nikilitazama lango la Gateway of India, lililokamilika mwaka wa 1924, ambalo kikosi cha mwisho cha jeshi la Uingereza kilipitia mwaka wa 1948 kikiihama nchi, kisha nikashika njia kwa miguu kuelekea stesheni kuu ya treni. Katikati ya njia hiyo ipo chemchemi ya mawe yenye sanamu ya Flora, mungu wa maua wa Warumi. Mwenyeji mmoja alinieleza kwamba awali ilikusudiwa kupewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekuwa gavana wa Bombay, kama mji ulivyoitwa zamani.

Mimi ni mkaazi wa Kisauni. Jina la Frere nimelisikia tangu utotoni, kwani Frere Town yetu imeitwa kwa huyo huyo Frere, ambaye mwaka wa 1873 alikwenda Unguja kumshinikiza Sultani Barghash alifunge soko la watumwa. Lakini sikuwa nimewahi kuwaza kwamba baadhi ya watu waliokombolewa na manowari za Waingereza katika bahari yetu walishushwa Bombay, watoto wao wakasomeshwa na kufunzwa kazi za mikono karibu na Nashik, na kwamba wengi wao ndio waliorejeshwa Mombasa kuanzisha kijiji cha Frere Town mwaka wa 1875. Hao ndio walioitwa Wafrika wa Bombay. Mmoja wao, William Jones, alitangulia kurudi, akatumika Rabai, akawa kasisi. Nilisimama pale juani kwa muda mrefu, nikiifikiria kengele ya Kengeleni ninayoipita kila siku, iliyowekwa ili igongwe majahazi ya watumwa yanapoonekana.

Alasiri nilikwenda kwenye kaburi la walii Haji Ali. Kaburi hilo liko juu ya mwamba baharini, na njia ya kulifikia hufunikwa na maji yajaapo, hata mzuru analazimika kuzijua saa za maji kujaa na kupwa, kama mvuvi wetu yeyote. Nilibahatika kufika maji yakiwa yamekupwa.

Mhariri, watu wetu wanaokwenda Mumbai ni wengi, na wanaowauguza hukaa huko majuma mengi wakiwa na hofu ya kutoka nje, kwa sababu wakala aliyewapangia safari huwaeleza habari za viza na malipo tu. Ninaomba gazeti lako liandike makala zitakazowafaa: kwamba treni za mjini zina mabehewa ya wanawake peke yao, kwamba Elephanta haifunguliwi Jumatatu, kwamba Haji Ali huendwa maji yakipwa. Na kwa uzito zaidi, ninaomba mwandishi wako mmoja awatembelee wazee wa Kisauni na Rabai ambao ni kizazi cha hao waliorudi kutoka Bombay, ayaandike wanayoyakumbuka wangali hai, ili anayetoka kwetu kwenda kule na mgonjwa wake ajue ni nani waliomtangulia.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa